Waifai ya Mama Joha

Ijumaa, jua lilipoanza kuinamia milima, Mwamvua alimaliza kupepeta ufuta, akanawa miguu, akavaa gauni la kutokea na kuketi sebuleni mbele ya simu. Simu aliiegemeza kwenye bakuli la sukari, mahali pake pa kila Ijumaa. Juu ya kabati la vyombo, chini ya kitambaa cheupe alichokifuma kwa mkono wake, rauta ilikuwa inawaka vitaa vyake vya kijani. Fundi aliwahi kumwambia kwamba rauta haihitaji kufunikwa. Mwamvua alimjibu kwamba nyumbani kwake hata redio inavaa.

Rauta ile ilikuwa na kazi moja tu. Joha, binti yake wa pekee, alikuwa Uarabuni akifanya kazi za ndani, na simu yake ilikaa mikononi mwa mama mwenye nyumba wiki nzima. Ijumaa jioni familia ile ilikwenda kula kwa wakwe, na hapo Joha alirudishiwa simu mpaka warudi. Pale kijijini Chanzuru mtandao wa kawaida ulikuja na kuondoka upendavyo, na aliyetaka kuongea vizuri alipanda kwenye kichuguu nyuma ya kisima. Kwenye kichuguu Mwamvua aliisikia sauti ya mwanawe, sawa, lakini hakutosheka. Mtoto huonwa. Ndipo akauza mbuzi, akafungiwa waifai.

Simu ikaita. Joha akatokea paji la uso, kisha jicho moja, kisha rangi zilizochuja kama kanga ya zamani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Umekula?"

"Niko salama, ma..."

Akaganda, mdomo wazi. Mwamvua akasubiri, akaita, akasubiri tena, mpaka simu yenyewe ikakata. Ilikuwa Ijumaa ya tatu mfululizo mwanawe anaganda kwenye neno lilelile.

Kesho yake alimwita Ashrafu, fundi simu wa stendi ya Kilosa, mtu mzima mwenye kitambi na miwani iliyofungwa kwa uzi. Ashrafu alifika kwa bodaboda, akanywa kwanza chai ya maziwa, maana hakuna kazi inayoanza kwa Mama Joha bila chai, kisha akafungua kompyuta yake na kuingia ndani ya rauta.

"Mama Joha, una wageni."

"Wageni gani?"

"Waifai yako inatumiwa. Hii hapa ni simu yako. Hawa wengine wote siwajui. Hawana hata majina, ni namba tupu."

"Wanafanya nini humo?"

"Wanaangalia ramani. Zile picha zinazopigwa kutoka angani. Zinakula bando vibaya sana. Ndiyo maana binti anaganda."

Neno la siri la waifai ile lilikuwa jina la Joha. Siku ya kuifunga, Ashrafu alikuwa juu ya paa anavuta waya, akauliza atumie neno gani, na Mwamvua akiwa uani akamjibu kwa kupaza sauti, mara ya kwanza jina lote, mara ya pili jina lote, mara ya tatu herufi moja moja, huku Magharibi ikiadhiniwa. Kila aliyelelewa Chanzuru anajua kwamba jua linapozama jina la mtu haliitwi kwa sauti, kwa sababu hujui nani ataitika. Mwamvua naye alijua. Alikuwa na haraka.

Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, akazunguka ukuta kwenda kwa jirani yake Selestina. Selestina alikuwa mjukuu wa manamba, wale wakata mkonge walioletwa kutoka Songea enzi za wakoloni wakaandikishwa kwa namba shambani. Wamekua pamoja, wamechota maji pamoja, mmoja akiswali na mwingine akisali rozari. Mwamvua alimkuta anasonga ugali, akamuuliza bila hata kukaa kama ni yeye anayeiba waifai.

Selestina aliweka mwiko chini. Akachomoa kutoka kifuani kitochi chake, kimefungwa raba ili betri isianguke.

"Dada Mwamvua, simu yangu ndiyo hii. Hata tochi yake haiwaki. Niibe na nini?"

Mwamvua akaona aibu. Aliomba radhi, akapewa, lakini alirudi nyumbani na hasira mpya, kwa sababu sasa mwizi alikuwa amemgombanisha na jirani pia.

Huyu Mwamvua si mtu wa kuacha jambo njiani. Kisima cha kijiji kilipoharibika, alikwenda ofisi ya kata na mkeka wake, akautandika mlangoni, akakaa hapo anachambua mboga mpaka fundi wa pampu akaletwa. Sasa akaitandikia mkeka waifai. Ashrafu alibadilisha neno la siri, akaweka refu lenye herufi na tarakimu zilizochanganyika. Mwamvua, ili asilisahau, akawa analiimba jikoni dirisha likiwa wazi, kama watoto wanavyoimba hesabu za kuzidisha. Jioni ileile wageni wakarudi. Likawekwa jingine, akakatazwa kuimba. Ashrafu akaificha waifai isionekane jina lake kwenye simu za watu, akaipunguza nguvu isivuke uwanja, akaipa amri itambue simu moja tu duniani, ya Mwamvua. Wageni wakaingia wote wakijitambulisha kuwa ni simu ya Mwamvua.

Ashrafu alivua miwani, akaifuta.

"Mama, hawa wana muda. Mtu mwenye kazi zake hawezi kuhangaika hivi. Ila mawimbi yenyewe hayafiki mbali. Wako hapahapa. Nenda kawaone."

Basi Jumanne, jua likizama, Mwamvua alichukua mchi wa kinu akazunguka nyuma ya nyumba.

Walikuwa wanaume, wamechuchumaa mstari mmoja kando ya ukuta, pale ambapo tofali hukawia kupoa. Walivaa kaptula za kaki zilizochanika na makubazi ya matairi, na mikono yao ilikuwa na makovu ya miiba ya mkonge. Kila mmoja alikuwa na kile kipande cha bati chenye namba ambacho shamba lilimpa mtu siku ya kuandikishwa. Juu ya bati ilionekana ardhi kutoka angani, kijani na kahawia, nao wakaisogeza taratibu kwa kidole gumba. Mwamvua alitambua kuwa ni wafu kwa sababu mbu hawakuwasogelea.

Alisita kidogo. Aliyekaa mwanzo wa mstari alikuwa na sura ya kijana wa miaka thelathini, na yeye Mwamvua amekwisha kupita hamsini. Lakini kijana yule alizaliwa kabla ya baba yake Mwamvua, na adabu haiangalii sura. Akaweka mchi chini.

"Shikamooni."

"Marahaba, binti. Hujambo?"

"Sijambo. Mnaniibia."

"Hatukuibii. Wewe Msagara, sisi Wangoni. Toka lini mtani akamwibia mtani?"

Hapo Mwamvua akabanwa. Mtani akibeba kuku wako, ulilonalo ni kumtukana tu, na yapasa umtukane huku unacheka.

"Ndiyo zenu," akasema. "Mlikula mifugo ya babu zetu mkaimaliza, sasa mmehamia kwenye bando."

Mstari mzima ukacheka, kicheko kikavu. Mwamvua naye akacheka kidogo, hasira ikapungua bila ruhusa yake, akawauliza wanachotafuta huko angani ni nini.

Yule wa mwanzo, aliyeitwa Ditram, akamweleza. Walikuwa wamezikwa ukingoni mwa shamba la mkonge, kila mtu na tuta lake. Jioni walitoka kupunga upepo, alfajiri walirudi. Kisha shamba likapata mwekezaji, naye akaleta greda.

"Tulitoka jioni kama kawaida yetu," Ditram akasema. "Tuliporudi hatukukuta pa kurudi. Pamekuwa tambarare. Tangu hapo tunalala kwenye makalavati ya reli. Halafu siku moja tukasikia jina linaitwa, na herufi zake, tukaitika. Vipande vikawaka. Sasa tunatafuta picha ya zamani, ya kabla ya greda, tuone kila mtu alikuwa wapi."

Mwamvua aliutazama mstari mpaka mwisho. Marehemu mumewe hakuwemo. Huyo alizikwa na ndugu na jamaa, akasomewa hitima, watani wakaja kumtania msibani mpaka watu wakasahau kulia, na tangu siku hiyo hakutoka. Hakuwa na sababu.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," Mwamvua akasema. "Jembe lenu ni hili. Ijumaa Magharibi mwanangu hupiga simu. Saa hiyo mnafunika vipande chini, wote, na mtu mwingine yeyote akijaribu kuingia mnamfukuza. Siku nyingine tumieni."

"Na sisi tukipaona petu, utakwenda kutusemea?"

"Nitakwenda."

Kisha akawauliza majina, mmoja mmoja, kama ilivyo kwa mtu aliyepokea wageni. Alipojua kwamba Ditram aliwahi kuishi kambi ya juu na mke aitwaye Goodhope, bibi yake Selestina, alizunguka ukuta akamwita Selestina. Katika nyumba ya Selestina ilijulikana kwamba babu yao alitoroka na mwanamke wa kambini, akarudi Songea, akawasahau.

Selestina alikuja na unga mikononi. Akamtazama kijana yule, aliyekuwa na masikio ya kaka zake wote.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mke wangu," Ditram akajibu, kama babu yeyote anavyomtania mjukuu wa kike.

"Bibi amekufa anakutukana."

"Najua. Nilikuwa namsikia." Akaelekeza mdomo upande wa shamba. "Nilivutwa na mashine ya mkonge. Nyapara alisema ataleta habari nyumbani."

Selestina akajifuta unga, akachuchumaa pembeni yake, akaomba aonyeshwe jinsi ramani inavyosogezwa.

Abeli, mdogo kuliko wote mstarini, ndiye aliyepata picha ya zamani. Matuta yalionekana yamepangwa safi, madogo kama punje za mchele. Alipoisogeza hadi baada ya greda, juu ya matuta palikuwa na bati kubwa la bluu. Lilikuwa ghala la shamba.

Mwamvua na Selestina walikwenda ofisi ya shamba. Msimamizi aliwapokea vizuri, akawapa viti na soda baridi, akasema kwamba kampuni ilipofika pale palikuwa pori na vibali vyote vipo. Walikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti akasema kama ni makaburi, basi wenyewe wajitokeze.

"Wenyewe wapo nyuma ya nyumba yangu kila jioni," Mwamvua akasema.

Mwenyekiti akajibu kwamba jioni ana vikao.

Walirudi wakawaambia. Wafu walisikiliza, wakashukuru kwa kusemewa, wakaendelea kuangalia bati la bluu. Kuliangalia nako kulikuwa kama kufika.

Ijumaa ikafika. Magharibi ilipoadhiniwa, vipande vyote vikafunikwa chini nyuma ya nyumba. Ditram akasimama kona moja, Abeli kona nyingine, na kijana mmoja aliyekuwa akipita njiani akitafuta waifai ya bure alijikuta anakimbia bila kujua anakimbia nini. Simu ikaita.

Joha akatokea mzima. Kwa mara ya kwanza tangu aondoke, Mwamvua alimwona mwanawe kutoka nywele hadi kifua, bila mkwaruzo, kana kwamba amekaa upande wa pili wa meza. Na kwa kuwa picha ilikuwa safi, aliona. Aliona mifupa ya shingo. Aliona nywele zimekatwa ovyo, si kwa mkasi wa mtu anayekupenda. Joha aliinua mkono kurekebisha ushungi, na nyuma ya mkono ule palikuwa na umbo la pasi, lote, kuanzia ncha hadi kisigino.

"Joha! Huo mkono umefanyaje?"

"Niliungua, mama. Niko salama."

"Ukiungua na pasi unaungua kidole. Hiyo pasi imewekwa hapo!"

"Mama, punguza sauti," Joha akasema, akageuka nyuma.

Lakini mtandao safi hupeleka pande zote mbili. Sauti ya Mwamvua ilifika Uarabuni haijapungua hata kidogo, ikajaa chumba kile, na siku hiyo wenye nyumba walikuwa hawajaondoka. Mlango ulifunguliwa nyuma ya Joha. Mkono wenye bangili ulipita mbele ya picha. Safari hii Joha hakuganda. Alizimwa.

Mwamvua alitoka nje, akazunguka nyuma ya nyumba, akakaa chini penye mavumbi na gauni lake la kutokea.

"Amesema yuko salama?" Ditram akauliza.

"Ndiyo."

"Na mimi nilimwambia karani wa shamba aandike hivyohivyo kwenda nyumbani Songea. Kila mwaka, neno hilohilo."

Jumatatu Mwamvua alipanda basi kwenda Morogoro, kwa wakala aliyempeleka Joha. Wakala alikuwa mama mtaratibu, mwenye ofisi yenye zulia na maua ya plastiki. Akaeleza kwamba mkataba ni wa miaka miwili na bado haujaisha, na kwamba pasipoti iko kabatini kwa mwajiri kwa ajili ya usalama wake.

"Usalama wa nani?"

"Wa pasipoti, mama. Halafu mtoto angekuwa na shida angesema."

"Alikuwa anasema siku zote," Mwamvua akajibu. "Mimi ndiye niliyekuwa namwona vipandevipande."

Akatandika mkeka mlangoni pa ofisi ile. Alikaa mpaka wakafunga, akalala kwa ndugu yake mtaa wa Kihonda, akarudi, akakaa tena. Ofisi ilikuwa na mlango wa nyuma. Siku alipoona wafanyakazi wanaingia na kutoka kwa huo mwingine, aliukunja mkeka akarudi Chanzuru. Akajilaumu kwa jinsi alivyopaza sauti kwenye simu, akajilaumu tena kwa miezi yote aliyoisikia ile "niko salama" akashukuru na kwenda kulala.

Ijumaa simu haikuita, wala Ijumaa iliyofuata. Nambari ya Joha ilisema haipatikani.

Mwamvua hakuwa na nia ya kuacha. Aliwaendea watani wake nyuma ya nyumba.

"Nyie mnajua kutafuta," akawaambia. "Nitafutieni nyumba."

Joha aliwahi kumwambia mambo machache: paa tambarare lenye tangi jeupe, msikiti wenye minara miwili upande wa jua kuchwa, uwanja wa mpira usio na nyasi. Hayo yakawatosha watu waliozoea kutafuta tuta chini ya ghala. Waligawana mji ule mtaa kwa mtaa, na Ashrafu aliongeza nguvu ya rauta aliyokuwa ameipunguza. Abeli ndiye aliyeita. Juu ya bati lake palikuwa na paa, tangi jeupe, kamba ya nguo, na kando ya kamba msichana mdogo kama punje, amejifunga ushungi wa kijani.

"Huyo hapo," Abeli akasema. "Anafua."

Mwamvua alilibusu bati. Kuanzia siku ile, kila jioni alileta kigoda chake, akakaa kati ya Abeli na Selestina, akamwangalia mwanawe anaanika nguo. Msichana hakusogea wala nguo hazikukauka. Mwamvua alisema kazi za nyumba kubwa haziishi.

Hali ikawa hiyo mpaka Ashrafu alipokuja kubadilisha waya uliogugunwa na panya. Alizunguka nyuma, akawaamkia wazee wote, akachungulia kipande cha Abeli juu ya bega la Mwamvua. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Mama Joha. Hapa chini kuna tarehe ya picha. Hii ilipigwa kabla Joha hajaondoka."

"Sasa huyu ni nani?"

"Aliyekuwepo kabla yake."

Mwamvua alilirudisha bati kwa Abeli. Alisubiri mpaka Ashrafu akaondoka. Alitaka kujua jambo moja tu, na aliijua njia ya kulijua, na njia hiyo ilimtisha kuliko ofisi zote za Morogoro. Kesho yake, Magharibi ilipoadhiniwa, alitoka katikati ya uwanja. Selestina alimshika mkono.

"Dada, usiite. Akiitika je?"

"Ndiyo nataka kujua kama ataitika."

Akaita jina la Joha kwa sauti, kisha tena, kisha herufi moja moja, kama siku ile ya rauta.

"Abee, mama," sauti ya msichana ikaitika nyuma ya nyumba.

Selestina akamshika kiunoni wakazunguka ukuta pamoja, hatua za wagonjwa. Mwisho wa mstari, baada ya Abeli, alikuwa amechuchumaa msichana mwenye ushungi wa kijani. Mbu walimpita mbali. Hakuwa Joha.

"Shikamoo mama. Samahani, nimeitika si langu. Nilisikia mtu anaitwa nyumbani."

"Marahaba." Mwamvua alivuta pumzi. "Jina lako nani?"

"Paulina. Kwetu Ruhembe."

"Joha unamjua?"

"Alikuja kushika kazi yangu. Yupo, mama. Wamemfungia chumba cha kufulia, lakini yupo. Asubuhi hii amefua mapazia."

"Alhamdulillahi," Mwamvua akasema, na papo hapo akaona haya, kwa kuwa alikuwa amemshukuru Mungu mbele ya mtoto wa mwenzake. Akakaa chini, akamvutia Paulina kwake, akamfunga vizuri ule ushungi. Alimuuliza amezikwa wapi. Paulina hakujua. Hakuwa na kipande, basi Abeli akasogea wakatumia chake, wakaanza kutafuta wote wawili.

Mwamvua alirudi kwa wakala, akatandika mkeka mlango wa nyuma safari hii, akawaambia kwamba Paulina wa Ruhembe yuko kwake na yuko tayari kueleza kila kitu, waje jioni yoyote. Wakala alisikiliza kwa upole. Akasema jina hilo halipo kwenye kompyuta yao, na jioni ofisi hufungwa. Mwamvua alikwenda Ruhembe pia, akamkuta mama yake Paulina shambani kwenye miwa, na mama yule alikuja Chanzuru kwa basi la mchana, akakaa kwenye kigoda akiwa ameshika mkono wa mwanawe mpaka giza. Sasa huja kila mwisho wa wiki, na huleta ndizi.

Pasipoti ya Joha bado iko kabatini. Ghala bado ni la bluu. Kila jioni Mwamvua husimama uwanjani akaita jina la mwanawe mara tatu, kisha hutega sikio kuelekea nyuma ya nyumba. Hakuna anayeitika. Hapo hushukuru, akaingia ndani kuwasha taa.

Na Ijumaa huvaa gauni la kutokea. Huegemeza simu kwenye bakuli la sukari, hunyoosha kitambaa cha rauta, na nyuma ya nyumba vipande vyote hufunikwa chini. Ashrafu alipopita juzi aliikagua waifai akasema hajawahi kuona nyingine iliyolindwa vile wilaya nzima: hakuna mwizi, hakuna mgeni, simu moja tu ndiyo iliyounganishwa. Vitaa vyote vilikuwa vya kijani. Mwamvua alimshukuru, akamwomba asogee kidogo asimzibe, akaendelea kuitazama simu.